Paukwa Bila Pakawa: Uhakiki wa Ziara ya Basi la Ukoo Mjini Bujumbura

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tukiambiwa tuhakiki kazi ya fasihi, tunakimbilia riwaya, tamthilia au diwani. Kazi ikiwa ya fasihi simulizi, tunatafuta ngano, vitendawili na nyimbo za harusi. Makala haya yanahakiki kazi isiyokuwamo katika orodha hizo: ziara ya siku moja ya basi iliyofanywa na ukoo wetu mjini Bujumbura na kandokando yake, Agosti 2024, ndugu walipokutana baada ya kutengana miaka mingi.

Ninaiita kazi kwa sababu ina kila kitu tulichofundishwa kukitafuta katika utendaji wa fasihi simulizi. Kuna fanani, yaani mwongoza watalii aliyesimama mbele na kipaza sauti mkononi. Kuna hadhira iliyolipa nauli. Kuna jukwaa, tena linalotembea. Kuna matini ambayo fanani ameikariri na ambayo huibadilisha kidogo kulingana na waliopo. Kuna mwanzo, vituo, kilele na mwisho. Ikiwa ngano ya sungura na fisi inastahili kuhakikiwa, simulizi inayomweleza mtu nchi yake inastahili zaidi, kwa maana msikilizaji huondoka nayo na kuwapelekea watoto wake kama ukweli.

Hoja yangu ni kwamba ziara hii ilikuwa dhaifu kila ilipotendwa kama hotuba, na ilipata nguvu pale tu hadhira ilipopata nafasi ya kujibu. Fanani wetu alisema paukwa kutwa nzima bila kusubiri pakawa. Nitaionyesha hoja hiyo kwa kuangalia muktadha, msuko, lugha na mahali pa kimya katika simulizi hiyo, kisha nitajibu pingamizi moja ambalo haliwezi kupuuzwa.

Muktadha: nani alikuwa ndani ya basi

Basi lilikuwa Coaster, na ndani tulikuwa watu 27. Ukoo wetu uligawanyika katika matawi matatu kutokana na mauaji ya mwaka 1972, ambayo kwa Kirundi huitwa Ikiza. Tawi la kwanza lilibaki Burundi. Tawi la pili lilivuka kwenda Tanzania na kuishi katika makazi ya Ulyankulu; mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilipowapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo la mwaka 1972, ndugu zetu nao walikuwamo. Tawi la tatu lilitoka katika kambi za mkoa wa Kigoma likapelekwa Marekani, katika mpango wa mwishoni mwa miaka ya 2000 uliowahamishia huko maelfu ya Warundi.

Hii maana yake ni kwamba ndani ya basi moja walikuwamo wazee wanaoota ndoto kwa Kirundi, vijana wa Tanzania wasiojua Kifaransa hata cha kuombea maji, na watoto wa Marekani wanaojibu kwa Kiingereza. Lugha moja tu ilimfikia kila mtu, nayo ni Kiswahili. Waliobaki walikipata sokoni na mitaani Bujumbura, waliokwenda Tanzania walikipata shuleni, na wa Marekani walitoka nacho kambini na kukitumia nyumbani na wazazi wao. Naomba msomaji akumbuke jambo hili tutakapofika kwenye lugha ya fanani.

Wazo la basi lilitoka kwa shangazi. Alisema kwamba watu wasiojuana wakiketi sebuleni siku mbili, watakula, watapiga picha na kuagana wakiwa bado hawajuani. Afadhali wawe na jambo la kutazama pamoja, ndipo maneno yatakapokuja yenyewe. Kwa mtu aliyeacha shule darasa la sita, hiyo ni nadharia nzuri sana ya usimulizi. Fedha zilichangwa, mafuta yakatafutwa siku nne kwa sababu ya uhaba unaojulikana, na ratiba ikaachwa mikononi mwa mwongoza watalii.

Msuko wa ziara

Ratiba ilikuwa hivi. Tulianza kwenye kaburi la mwana wa mfalme Louis Rwagasore, juu ya kilima kinachotazama mji, ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Tukashuka katikati ya mji, tukapita karibu na soko kuu lililoungua, tukaingia Makumbusho Hai kuwaona mamba na nyoka. Tukaelekea mbuga ya Rusizi kuwatazama viboko, na huko tukasimuliwa habari za mamba maarufu aitwaye Gustave. Mwisho tukaenda kusini hadi Mugere, kwenye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871.

Mhakiki yeyote huuliza kilele cha kazi kimewekwa wapi, kwa kuwa hapo ndipo mtunzi anapoonyesha anachokithamini. Hapa kilele kiliwekwa kwenye jiwe la Mugere. Kila kituo kilitangulia kwa ahadi kwamba "kubwa zaidi linakuja mwishoni". Hivyo kiongozi aliyeupigania uhuru akawa utangulizi, mji wenyewe ukawa njia ya kupitia, wanyama wakawa burudani ya katikati, na wageni wawili waliolala hapo siku mbili wakawa hatima. Ukiusoma msuko huo peke yake, bila kusikiliza neno hata moja, tayari umeambiwa kwamba Burundi ilianza kuwa na maana ilipotembelewa.

Tazama pia kilichoachwa nje. Buyenzi haikuwamo, ingawa ni mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya mji. Huu ndio mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, na historia yake haihitaji kutiwa chumvi. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliipinga kodi ambayo wakoloni waliwatoza wanawake walioonekana kuishi bila mume, kodi iliyowadhalilisha wajane na wanawake wenye heshima zao. Rwagasore mwenyewe aliungwa mkono mapema na wafanyabiashara Waswahili, na mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wenyeji. Pale kaburini fanani alitupa tarehe zote: amezaliwa 1932, chama chake cha UPRONA kimeshinda uchaguzi Septemba 1961, ameuawa 13 Oktoba 1961, wiki mbili hivi baada ya kuwa waziri mkuu. Tarehe zilikuwa sahihi. Lakini hakumtaja hata mtu mmoja wa kawaida aliyemfuata, na ndani ya basi walikuwamo watu ambao baba zao walimfuata.

Fanani na lugha

Fanani alifungua ziara kwa Kifaransa. Aliposikia kuna wageni kutoka Marekani, akaongeza Kiingereza. Kwa saa mbili za mwanzo binamu yangu mmoja alikuwa akitafsiri kwa mnong'ono, kiti kwa kiti. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja: kila utani ulipotolewa, hadhira ilicheka kwa mafungu. Wa Bujumbura walicheka kwanza, wa Marekani wakafuata, wa Ulyankulu wakacheka basi likiwa limeshafika kona nyingine. Wazee hawakucheka kabisa.

Ajabu ni kwamba fanani huyu ni mzaliwa wa Bujumbura na Kiswahili anakijua vizuri kuliko wengi wetu. Yeye na dereva walikizungumza muda wote, kuhusu foleni za mafuta na bei ya vipuri. Alikuwa na lugha mbili mfukoni: moja ya kazi, moja ya maisha. Kwake, na nadhani kwa wengi katika shughuli hii, mtu akishapanda basi la utalii amekuwa mgeni, na mgeni husemezwa kwa lugha ya kigeni. Hakuna aliyemfundisha kwamba basi linaweza kujaa watu waliokuja kwao.

Sisemi kwamba Kifaransa kilikuwa kosa kwa kuwa ni Kifaransa. Fanani huchagua lugha kwa kuitazama hadhira. Msimulizi wa ngano akiona watoto wengi, hurefusha nyimbo. Akiona wazee, hufupisha. Kigezo cha kwanza cha utendaji ni kuitambua hadhira iliyopo, na hapo fanani wetu alifeli kabla basi halijaondoka. Isitoshe, lugha aliyoichagua ilizuia majibu. Mzee hawezi kumkatiza mtu kwa lugha asiyoijua. Hata mwenye la kuongeza alilimeza.

Kimya cha soko

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hasara hiyo. Tulipokaribia soko kuu la zamani, fanani alisema kwamba upande wa kulia palikuwa na soko, likaungua, kisha akaanza kutueleza juu ya mamba wa Makumbusho Hai. Soko hilo liliungua tarehe 27 Januari 2013, na kila mkazi wa Bujumbura mwenye umri wa kukumbuka anajua alikuwa wapi asubuhi ile. Shangazi alikuwa na meza ya vitenge humo. Ndani ya siku moja mtaji wa miaka kumi na sita ulikuwa majivu, na baadaye alianza tena kwa marobota mawili huko Kwa Siyoni.

Alipofungua kinywa kumweleza mgeni aliyeketi naye, basi lilikuwa limeshapita na kipaza sauti kilikuwa kimeshapanda juu ya sauti yake. Mgeni huyo alikuwa mdogo wake wa damu, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa mtoto. Alikuwa ametumiwa mara nyingi ujumbe wa kuomba msaada "kwa ajili ya biashara" bila kuelewa biashara hiyo iliharibikia wapi. Alikuwa amefika hatua ya kudhani dada yake hana uangalifu na fedha. Kusimama dakika kumi pale kungeondoa lawama ya miaka kumi na moja. Matini ya ziara haikuwa na dakika hizo, kwa sababu katika matini hiyo soko si kivutio.

Hadhira inapojibu

Kituo cha mwisho kilibadilisha kila kitu, na hapa ndipo kazi hii inapostahili sifa. Pale Mugere fanani alianza kwa maneno ambayo watu wengi hupenda kuyasema, kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Kijana mmoja kutoka Kigoma akamkatiza kwa Kiswahili: "Hapana, kaka. Walikutania kwetu Ujiji. Hapa walikuja kutembea tu." Basi zima likacheka, safari hii kwa pamoja. Kijana alikuwa sahihi: walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia. Mugere walilala tu njiani.

Fanani hakukasirika. Alicheka, akajibu kwa Kiswahili, na tangu hapo hakurudi kwenye Kifaransa. Mtu mwingine akauliza nani aliyepiga makasia, na nani aliyewatafsiria wazungu hao. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, kwa kuwa misafara ya wakati huo ilibebwa na watu wetu: Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa mkuu wa msafara wa Stanley, Susi na Chuma waliomhudumia Livingstone, na wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara hiyo. Hakuna jina lao hata moja kwenye jiwe.

Ndipo dada mkubwa wa bibi yangu, aliyekuja kutoka Ulyankulu, alipoinyosha fimbo yake kuelekea ufukwe ulio chini. Alisema, "Sisi tulipita pale." Aliposema "sisi" alimgusa bega mwanamke aliyekuwa kando yake, ambaye mwaka 1972 alikuwa mtoto wa miezi saba mgongoni. Walitembea usiku kwenda kusini, mchana wakijificha. Baba mdogo akajaribu kumzuia kwa upole: "Mama, tuyaache hayo, leo ni siku ya furaha." Bibi akamjibu, "Nimekuja kwa ajili ya hayo." Fanani akampelekea kipaza sauti, kisha yeye mwenyewe akaketi chini.

Bibi hakuzungumza sana, labda dakika ishirini. Hakumtaja adui, hakulaani mtu. Alieleza njia, mito waliyovuka, nani aliyewapa chakula na nani aliyebaki nyuma. Mtoto wa miaka kumi na mmoja kutoka Marekani akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, mlikula nini?" Akajibiwa, "Ndagala wakavu na mihogo, na siku nyingine hatukula." Mtoto akauliza tena, akajibiwa tena. Hiyo ndiyo pakawa. Simulizi ilikuwa imepata mtu wa kuipokea, naye akaanza kuiongoza kwa maswali, kama inavyokuwa jioni yoyote ya hadithi.

Kwa mtazamo wa fani, angalia kilichotokea. Jiwe halikuhama, ziwa halikuhama, na mtu mwenye kibali cha kuongoza watalii alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni nani fanani na nani hadhira, na kwa lugha gani. Mahali palepale palipokuwa kituo cha wageni wawili wa mwaka 1871 pakawa mahali pa ukoo.

Pingamizi

Msomaji anaweza kusema ninamwonea mwongoza watalii. Yeye hajui nani ni nani ndani ya basi. Katika nchi yetu, neno moja juu ya mwaka 1972 au 1993 linaweza kumchoma mtu aliyeketi kiti cha nyuma, na watu wawili wanaweza kuwa na maumivu mawili yasiyofanana. Kwa hiyo kukaa kimya na kusimulia habari za viboko ni adabu. Tena ana watoto wa kulisha, na mteja anayeudhika haleti mteja mwingine.

Pingamizi hili lina uzito, na kwa sehemu kubwa ninalikubali. Sitaki mwongoza watalii anisimulie mambo ya mwaka 1972 kwa kipaza sauti kati ya chakula cha mchana na viboko. Hiyo si simulizi yake. Lakini kuna kimya cha namna mbili. Kuna kimya cha mtu anayenyamaza ili mwingine aseme, na kuna kimya cha mtu anayejaza kila dakika maneno ili asiwepo wa kusema. Cha kwanza ni adabu kweli. Cha pili kinafanana na adabu kwa nje tu. Mpaka tulipofika Mugere, tulipewa cha pili.

Wala jambo hili si geni duniani. Katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, wageni wameongozwa ndani ya gereza na watu waliofungwa humo kwa sababu za kisiasa. Aliyeishi pale ndiye aliyepewa neno. Sisi hatuhitaji gereza wala makumbusho makubwa ili kujifunza hilo. Basi la kukodi na mzee mwenye fimbo vilitosha.

Lazima pia niwahakiki watu wa hadhira, kwa sababu fanani hakuwa peke yake. Vijana wengi, nami nikiwa miongoni mwao, tulikuwa na simu mikononi tangu kaburini hadi Rusizi, na baadhi ya watu wazima waliona mazungumzo ya wazee kuwa kelele za kumsumbua mwongoza watalii. Hadhira inayokubali kuwa bubu humlea fanani asiyesikia.

Tathmini na mapendekezo

Kama kazi ya utendaji, ziara hii ilikuwa na msuko uliompa mgeni cheo kuliko mwenyeji, lugha isiyolingana na hadhira, na ukweli mmoja uliohitaji kusahihishwa. Ubora wake ulikuwa katika unyenyekevu wa fanani, aliyejua kuketi chini wakati ulipofika. Wapo wasanii wakubwa ambao hawajawahi kujua hilo. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni na mwenyeji walikuwa mtu mmoja, na alianza kupona alipoulizwa swali.

Kwa familia nyingine zitakazokodi basi, nazo ni nyingi kila Julai na Agosti, napendekeza mambo matatu. Kwanza, lugha ikubaliwe kabla ya kulipa, na isiwe aibu kuomba Kiswahili au Kirundi katika mji wetu wenyewe. Pili, ratiba iachwe na vituo viwili visivyo na maelezo yaliyokaririwa, na kila tawi la ukoo lichague kimoja chake, hata kikiwa kona ya barabara au ufukwe usio na jina. Tatu, Buyenzi iingie kwenye njia.

Kwa wenzangu wa darasa na walimu wetu, nina ombi moja. Tukitumwa kukusanya fasihi simulizi, tusiishie kwenye ngano za kijijini. Waongoza watalii wa Bujumbura wanasimulia kila wiki, na hakuna anayewahakiki wala kuwaandikia matini ya Kiswahili. Wanafunzi wanne wakigawana kaburi la Rwagasore, soko lililoungua, Buyenzi na Mugere, wakazungumza na wazee kwa idhini yao na kuandika kurasa tano kila mmoja, muhula mmoja utatosha kupata matini ya kwanza. Fanani wetu wa Agosti ameshaniambia kwamba akiletewa, ataisoma.